Oktoba 20 ya Kenyatta, ya Keino na ya Akhwari

Kila ifikapo Oktoba 20, zile orodha za "siku kama ya leo" huzunguka kwenye simu, na kwa Kenya huwa nono kwelikweli. Mwaka 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku wa kuamkia tarehe 21 polisi wakamchukua Jomo Kenyatta na viongozi wengine wengi. Mwaka 1968, tarehe hiyohiyo, Kipchoge Keino akatwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Mexico City. Nyumbani ilikuwa Kenyatta Day, sikukuu ya taifa ambalo lilikuwa halijatimiza hata miaka mitano ya uhuru.

Wapo wanaoona mpangilio huu kama zawadi, nami siwabezi. Tarehe humvuta msomaji ambaye asingefungua kitabu cha historia, na mbio zile zinastahili kusimuliwa kila mwaka. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, alijitoa kuvuta kasi, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa takriban sekunde 56 huku akijua fika kwamba anaziua mbio zake mwenyewe. Keino akaipokea kasi hiyo na hakutazama nyuma. Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa hatari mno kwenye mita za mwisho, alifika karibu sekunde tatu baada yake. Yote hayo Keino aliyafanya akisumbuliwa na nyongo.

Shida ni pale orodha inapotaka tuamini kwamba tarehe yenyewe inasema kitu. Keino alikimbia siku ile kwa sababu waandaaji waliipanga fainali siku ile. Kilichombeba, mbali na miguu yake, ni mbinu ya Jipcho na hewa nyepesi ya jiji lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka uhusiano wenye uzito kati ya 1952 na 1968, huu hapa: Keino alikuwa polisi. Ni jeshi lenye jina lilelile la lile lililotumwa na mkoloni kumkamata Kenyatta, na sasa mtu wake anapigiwa wimbo wa taifa huru. Hilo lingebaki kweli hata fainali ingechezwa Jumanne.

Kisha kuna saa. Marathoni ya siku hiyohiyo ilianza saa 9 alasiri, Mexico City. Afrika Mashariki ilikuwa saa 6 usiku, tarehe 21 ikiingia. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, giza limeshaingia na watazamaji wachache wamebaki. Kwa saa za Dar es Salaam ilikuwa usiku wa manane, tarehe 21. Orodha yetu ya Oktoba 20, kumbe, inafuata kalenda ya Mexico.

Siku moja ni kitu kidogo, lakini humtoa mtu kwenye picha. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 21, 1956, akanyongwa Februari 1957. Kwa tofauti ya siku moja anakosa nafasi kwenye orodha, ilhali yeye ndiye aliyekuwa msituni. Katiba ya 2010 ilijaribu kuliweka sawa hilo: ikaibakiza tarehe, ikaibadili Kenyatta Day kuwa Mashujaa Day. Jina limepanuka, ila tarehe bado ni ya kukamatwa kwa Kenyatta.

Mwezi mmoja baada ya Kimathi kukamatwa, Olimpiki ya Melbourne ilifunguliwa, na Kenya ikashiriki kwa mara ya kwanza, hali ya hatari ikiwa bado inaendelea. Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba mita 5000. Hakuna tarehe inayowiana hapo, kwa hiyo sijaona orodha inayowaweka Kimathi na Maiyoro pamoja. Kwangu mimi, ndio jozi inayoeleza Kenya ya wakati ule kuliko Keino na Kenyatta: koloni moja, msimu mmoja, mmoja akisubiri kitanzi na mwingine akikimbia kwa jina la nchi ambayo bado ilikuwa ya Waingereza.