Kaunti Iliyofunga Shule Zake

Yakitajwa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Marekani, wengi hukimbilia basi la Montgomery, Alabama, ambamo Rosa Parks alikataa kumpisha Mweupe kiti. Basi hilo lina haki yake. Ila mimi ni mwalimu, na roho yangu iko kaunti ya Prince Edward, Virginia.

Mjini Farmville kulikuwa na sekondari ya Robert Moton, ya watoto Weusi. Ilijengwa kwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 walizidi 450. Waliokosa nafasi walisomea kwenye mabanda ya mbao yaliyofunikwa kwa karatasi za lami. Aliyeketi karibu na jiko alitoka jasho, aliye mbali alisoma na koti mwilini. Mvua ikinyesha, paa linavuja.

Barbara Johns alikuwa na miaka 16. Tarehe 23 Aprili 1951, mwalimu mkuu alipigiwa simu ya uongo, akatoka mbio kwenda mjini. Huku nyuma wanafunzi wakaitwa ukumbini. Pazia lilipofunguka, aliyesimama jukwaani alikuwa Barbara. Shule nzima ikagoma. Kwa kuhofia usalama wake, wazazi wakampeleka huko huko Montgomery kwa ami yake, mchungaji Vernon Johns, ambaye kanisa lake lilikuja kuongozwa na Martin Luther King.

Mgomo huo ukazaa kesi mahakamani. Kesi ya wanafunzi hao ilikuwa moja kati ya 5 zilizounganishwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani iitwayo Brown, 17 Mei 1954: kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Walishinda. Lakini mahakama ilipoishurutisha kaunti itii, mwaka 1959, viongozi wake waliona afadhali wafunge shule zote za umma kuliko watoto wakae dawati moja. Weupe wakafunguliwa shule ya binafsi. Shule za umma zikabaki zimefungwa hadi 1964.

Mimi hufundisha darasa la tatu. Likizo ya mwezi mmoja tu ikiisha, wapo wanaorudi wamesahau kuzidisha, na wiki nzima tunaanza upya. Sasa mtoto aliyestahili kuingia darasa la kwanza 1959 alikuwa na miaka 11 shule hizo zilipofunguliwa. Wengine hawakurudi kabisa.

Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba ubaguzi wa shule uliisha 1954. Waliofungiwa Prince Edward walitunukiwa vyeti vya heshima mwaka 2003, wakiwa watu wazima wenye mvi.