Siku 60 za mama, siku 4 za baba

Harusi ikitimiza mwaka bila dalili ya mtoto, simu za shangazi huongezeka. Wanandoa walioajiriwa Kampala wakijibu kwamba wanasubiri kidogo, huambiwa wameponzwa na starehe za mjini. Nadhani wanaonewa.

Wanaosema "zaeni mapema" wana hoja nzito. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua kwa kasi baada ya miaka 35, na barua ya kupandishwa cheo hairudishi miaka nyuma. Bibi aliyeko Masaka leo ana nguvu za kulea mjukuu. Miaka 10 ijayo huenda yeye ndiye atakayehitaji mtu wa kumtazama. Tena mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Aliyepata kifungua mimba akiwa na 40 atakabidhi ofisi huku mtoto yuko chuo kikuu na mdogo wake bado sekondari. Karo hiyo itatoka wapi?

Lakini hebu wanaowaharakisha wenzao waisome Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006. Mama ana likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, kwa mshahara kamili. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hizo ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kwa hiyo yapata miezi mitatu mama anakamua maziwa kabla hapajakucha, anakimbilia foleni ya Jinja Road, na mtoto anabaki na msichana wa kazi ambaye pengine naye ni mtoto wa watu, hajawahi kulea.

Baba je? Siku 4 za kazi. Mtoto akizaliwa Alhamisi usiku, baba anakaa nyumbani Ijumaa, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi yuko ofisini, ilhali mkewe, kama alifanyiwa upasuaji, haruhusiwi hata kuinua beseni la maji. Kenya baba hupewa wiki mbili, nazo si nyingi. Halafu tunashangaa wanandoa wakisema wasubiri kwanza mpaka wapate akiba ya kumlipa msaidizi mzoefu, au mpaka mama mkwe apate nafasi ya kuja.

Sheria hiyohiyo inakataza kumfukuza mwanamke kwa sababu ya ujauzito. Mkataba wa mwaka mmoja, hata hivyo, hauna haja ya kuvunjwa. Unaachwa tu uishe. Mwanamke anayengoja athibitishwe kazini kwanza analinda mshahara utakaomlisha huyohuyo mtoto.

Na wale wa "kila mtoto huja na riziki yake" wanasahau kwamba Ntinda, mtaa wa Kampala, riziki hailimwi nyuma ya nyumba. Elimu ya msingi ya bure ipo tangu 1997, ila wengi wenye mishahara hupeleka watoto shule za kulipia, na mihula ni mitatu kila mwaka.

Wenye miaka 27 wakitaka miaka miwili au mitatu zaidi, waachwe. Wenye 36 nisingewashauri hivyo: waanze sasa, na baba asiziguse siku zake 21 za likizo ya mwaka, aje aziunganishe na zile 4.