Ngazi 268 za Mtakatifu Mikaeli: Tuweke Lifti?

Ukifika Le Puy-en-Velay, kusini-kati mwa Ufaransa, utaona mwamba wa volkano umechomoza peke yake kama kichuguu, kimo chake zaidi ya mita 80. Juu yake limekaa kanisa dogo la Saint-Michel d'Aiguilhe, alilolijenga Askofu Gotescalc katika karne ya 10 baada ya kurudi kutoka hija ya Santiago de Compostela, Hispania. Njia ni moja: ngazi 268.

Mwenye kiti cha magurudumu afanyeje? Sheria ya Ufaransa ya 11 Februari 2005 inataka majengo ya umma yafikiwe na watu wenye ulemavu, ila inatoa msamaha pale urithi wa kale unapohatarishwa.

Wanaodai lifti mahali kama hapa wana hoja nzito. Athens walizindua lifti mpya ubavuni mwa Akropoli, kilima chenye mahekalu ya kale ya Wagiriki, mwaka 2020, na leo asiyeweza kutembea anafika kileleni. Wapo wanaojibu kwamba jasho la kupanda ni sehemu ya hija. Jibu hilo linaniuma. Enzi hizohizo za mahujaji wa kale wagonjwa walibebwa hadi mahali patakatifu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na shida kuliko wote.

Hata hivyo, kwa mwamba huu nasita. Akropoli ina uwanda juu. Hapa kilele karibu chote ni kanisa. Mjenzi hakuusawazisha mwamba, aliufuata: unapopinda, ukuta nao unapinda. Ngazi za mwisho zinakufikisha mbele ya mlango uliorembwa kwa mawe ya rangi yaliyopangwa kama ukili wa mkeka, na juu ya mlango wamechongwa nguva wawili. Lifti itatua wapi bila kuyagusa hayo? Tena lifti ubavuni mwa mwamba ingeonekana na mji mzima.

Kwa hiyo ningeuacha mwamba ulivyo, lakini si bure. Kiingilio kinacholipwa na wanaopanda kiwahudumie kwanza wanaobaki chini: nakala ya nguva wale ambayo hata kipofu ataipapasa, na picha za kuta za ndani kwa ukubwa wake halisi. Palepale chini ya mwamba kuna kanisa la Saint-Clair, la karne ya 12, lenye pembe nane, lililokuwa la hospitali. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, misa isomwe humo pia.