Theluji ya Kibo haijawahi kunishikisha chepe

Greda limepita tena. Naandika nikiwa nimekaa juu ya hita, glovu moja sijui iko wapi na vidole vya kushoto vimegoma, kwahiyo mkikuta herufi zimerukwa mjue ni baridi sio shule.

Kila Desemba mtu wa Machame, Kilimanjaro, anajulikana anaenda wapi, nyumbani, hilo halina mjadala, Dar wanabaki walinzi na paka, sisi tuko njiani huko Same mtoto anatapikia mfuko na mama watoto hataki kuongea na mtu. Sasa mwaka huu mdogo wangu aliyeko Minneapolis, Marekani, akaanza, oh kaka njoo Krismasi huku uone theluji. Nikamwambia theluji naijua bwana mdogo, nimekua naiona kila mawingu yakiondoka, ila ya kwetu Mungu kaiweka mahali pake, juu Kibo huko, kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, anayeitaka anaifuata kwa hela yake na wagumu wanambebea mizigo. Haijawahi kushuka ikaja kuziba mlango wa mtu. Akacheka, akatuma tiketi. Tiketi ya bure ndugu zangu ina maneno yake.

Koti nililonunua mtumba pale soko la Memorial, yule kijana aliniapia ni la baridi kali. Mdogo wangu kaliangalia pale eapoti akasema kaka hili huku wanavaa mwezi wa kumi. Yani koti limetoka Marekani likaja Moshi likarudi Marekani kuaibika. Halafu na vipimo vyao, asubuhi naambiwa leo ni ishirini, nikafurahi nikatoka na sweta, kumbe ishirini yao ni saba chini ya sifuri ya kwetu. Saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, unakula chakula cha mchana ukigeuka ni usiku. Ziwani watu wanaendesha pikapu juu ya maji, wanatoboa barafu wanakaa kwenye kibanda kuvua samaki, na hao ndio wanatushangaa sisi kukaa jirani na tembo.

Turudi kwenye chepe. Huku theluji ikiacha kuanguka una masaa 24 njia ya miguu mbele ya nyumba yako iwe safi, ni sheria ya jiji, hakuna cha mgeni wala mwenyeji. Na ikizidi wanatangaza dharura, hapo ndio utajua wazungu walikaa chini wakafikiri. Usiku wa kwanza kuanzia saa tatu barabara kubwa zote hakuna kupaki. Kesho yake saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, mitaa ya kawaida, usipaki upande wa nyumba zenye namba shufwa. Keshokutwa usipaki upande wa witiri. Shufwa na witiri! Nilidhani tuliachana nazo shule ya msingi, kumbe zimenisubiri huku na gari la kuvuta. Mdogo wangu yuko shifti ya usiku anatunza wazee, kanipigia alfajiri, kaka hamisha gari liko upande wa shufwa. Gari lenyewe halionekani. Kuna kichuguu tu kina sait mira.

Nimeanza kuchimba. Mimi mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kikoba, nimevaa buti za shemeji, nachimbua Korola kama muhogo. Katika kuhema nasikia mashine inanguruma, anakuja jirani, mzungu babu kabisa, kapita themanini, anasukuma mashine yake ya kurushia theluji. Kasimama. Kasema, hali ya hewa sio mbaya leo. Kope zangu zimegandana anasema sio mbaya. Kisha akasema ungeiona ile ya Halloween 1991, zaidi ya sentimita 70, hii ni vumbi tu. Na baada ya hapo akataka kunisaidia.

Sasa mimi nitamruhusuje? Mtu umri wa marehemu baba anifagilie mimi nimesimama mikono mfukoni, nikirudi Machame naongea nini mbele za watu? Nikamwambia hapana mzee, pumzika, lete hiyo mashine nianze na kwako. Akasema hapana hapana, wewe mgeni, utaumia mgongo. Nikashika mpini. Na yeye kashika mpini. Mimi navuta kwa heshima, yeye anavuta kwa ukarimu, mashine iko katikati inatutemea theluji usoni wote wawili, shemeji dirishani anachukua video. Kila nikisema hapana mzee anasema hakuna shida, kila akisema hakuna shida anavuta kidogo, na ana nguvu yule babu, sijui wanakula nini. Mwisho tukagawana, yeye mdomo wa njia ya nyumbani, mimi gari, tumefanya kazi kama msaragambo, tumemaliza, gari nimelivusha upande wa witiri, njia inang'aa. Nimeegemea chepe nataka kumwambia ahsante, kwa kona likaja greda.

Halikupunguza hata mwendo. Limekwangua mtaa mzima upande wetu na ule mzigo wote likaumwaga palepale mdomoni, umefika magotini, na sio ile laini ya kwenye kadi za Krismasi, ni mabonge yana chumvi na mchanga. Jamani! Nimepiga kelele kwa Kimachame. Babu kaangalia, kasema, ndio hivyo, kisha akaenda zake ndani kunywa kahawa. Ndio hivyo?? Mzee tumefuta jasho pamoja halafu ndio hivyo?

Na mtoto wa mdogo wangu ananivuta koti, baba mkubwa twende tukatengeneze mtu wa theluji. Mwanangu, mimi huyo mtu ninamchukia.

Kanisani jana tulishukuru, hawa ni Walutheri wenzetu, kahawa ipo na keki ipo, sina neno. Ila saa mbili asubuhi ya Krismasi hapa, Machame ni saa kumi na moja jioni, wameshakula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, wameshamaliza, naamka group la ukoo lina video za mifupa. Hakuna aliyeuliza fungu la kaka mkubwa liko wapi. Tena kwenye video ya tatu, nyuma ya shangazi anayecheza, nimeona gari Noah nyeupe imepaki kihambani kwangu, kwenye shamba la nyumbani, tairi la nyuma liko juu ya mgomba. Nimeuliza kwenye group ni ya nani, wote wamesoma, kimya. Mwenye ile Noah aitoe.