Kipato cha Kati, Lakini Kati ya Nini na Nini?

Asubuhi moja ya mwezi wa Sita, nikiwa natia mafuta cherehani yangu kwenye baraza la Barabara ya 14, hapa Ngamiani, Tanga, redio ya jirani ilitangaza kwamba wananchi wa kipato cha chini na cha kati sasa wanaweza kumiliki nyumba kwa mkopo wa muda mrefu. Mimi, ambaye kwa miaka 47 sijawahi kumiliki hata choo ambacho sikupanga foleni kukiingia, nilisahau kopo mkononi na mafuta yakamwagikia kanzu ya mteja.

Kilichonitatiza tangu mwanzo ni hayo maneno mawili, cha chini na cha kati, kwa sababu mimi kipato changu hubadilika kulingana na anayeniuliza. Kamati za harusi huniweka kipato cha juu bila kunishauri, wakaniletea kadi ya shilingi 50,000 kwa mtu mmoja. Mwenye nyumba wangu huniona wa kati kila anapopandisha kodi. Duka la Mpemba pale kona, ambalo daftari lake lina kurasa mbili zenye jina langu pekee, linajua ukweli wote na halisemi kitu, ila huniangalia ninapochukua sukari.

Naishi katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, nikiwa na vyumba viwili vya kushoto kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapokei mwezi mmoja mmoja kama binadamu wengine wanavyokula. Yeye anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 480,000. Mita ya LUKU ni moja, nasi wapangaji ni wanne, na mmoja wetu ana friji la kugandishia barafu za kuuza ambalo hulala likinguruma kama meli inayosubiri kuingia bandarini, lakini zamu ya kununua umeme ikifika hugawanywa sawasawa kwa vichwa, kana kwamba kichwa changu nacho kinagandisha barafu. Bati likivuja mwenye nyumba hupatikana kwa shida. Kodi ikikaribia huja mwenyewe kwa baiskeli kabla ya adhana ya alfajiri.

Basi Jumatatu nilivaa suruali niliyojishonea, nikaenda benki. Nilipokelewa na kijana mpole sana, akaniamkia, "Shikamoo, fundi," nami nikaitikia marahaba huku macho yangu yakiwa kwenye upindo wa suruali yake, kwa sababu mkono wangu naujua: suruali ile niliipunguza mimi mwezi wa Ramadhani na shilingi 3,000 zangu sijaziona mpaka leo. Nilinyamaza kwa adabu. Yule kijana akafungua fomu, akaanza kunichunguza kama ninaaminika kulipa madeni.

"Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani, mzee wangu?"

"Mwezi gani?" nikamuuliza.

Akadhani natania, wakati sijawahi kusema jambo la kweli zaidi katika ofisi yoyote. Mwezi wa Kwanza nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi, na kabla ya Idi nashona kanzu usiku na mchana, lakini baada ya hapo kuna miezi ambayo kazi yote ni kubadilisha zipu na kusikiliza habari za watu. Kijana akanieleza kwamba benki inahitaji hati ya mshahara au taarifa ya akaunti inayoonyesha fedha zikiingia kwa mpangilio. Fedha zangu zina mpangilio mmoja tu, nao ni wa kutoka.

Alikuwa na subira, nakiri, maana alinieleza mambo ambayo redio haikuyagusa. Zamani, alisema, benki nyingi hapa nchini hazikutaka kabisa kukopesha nyumba kwa miaka mingi, kwa sababu fedha zenyewe ni amana za watu wanaoweza kuja kuzichukua kesho asubuhi. Ndiyo maana mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni iitwayo TMRC, kwa mradi wa Serikali na Benki ya Dunia, ambayo huzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zimkopeshe mwananchi kwa muda mrefu. Nikamwambia anielekeze ofisi za hiyo kampuni niende moja kwa moja, nipunguze mlolongo. Akanijibu kwamba haikopeshi watu, inakopesha benki. Kwa hiyo hata msaada wa kumfikia mtu wa chini huanzia kwanza juu, ukashuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi hubaki na chake, mpaka ukinifikia umekuwa riba.

Riba yenyewe tukaihesabu. Nilitaja shilingi milioni 50, nyumba ya kawaida tu, vyumba vitatu na jiko la ndani. Akabonyeza kikokotoo kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20, kikatoa marejesho ya shilingi 658,000 na ushei kila mwezi. Nikamwomba anijumlishie yote, akasitasita kama daktari mwenye majibu mabaya, kisha akageuza kikokotoo nione mwenyewe: milioni 158. Kwa maneno mengine, nikikopa nyumba moja nitalipa nyumba tatu, na zile mbili nyingine sijui atakaa nani. Huko kwenye vyumba vyangu viwili, marejesho ya mwezi mmoja yangenilipia kodi ya miezi minane.

Jioni kwenye kahawa niliwasimulia wenzangu, na mzee mmoja, mstaafu wa mashamba ya mkonge, akacheka mpaka kashata ikamtoka mdomoni. Akasema sisi vijana (mimi huwa kijana kwenye kahawa tu) hatukumbuki kwamba nchi hii ilikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi hiyohiyo, ikakopesha wee, waliokopa wakasahau kurudisha wee, mpaka ikafungwa mwaka 1995. Nikamuuliza kama naye alikopa. Akageuza maongezi kuwa ya mpira.

Ustaadhi wetu alikuwa amekaa hapohapo, akanikumbusha kwa upole kwamba riba ni haramu hata ikitangazwa na redio, na kwamba njia ipo: benki inayofuata taratibu za Kiislamu huinunua nyumba yenyewe, kisha ikakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, ukalipa kidogo kidogo. Nilifurahi sana. Nikamuuliza hiyo bei ya juu huwa juu kiasi gani, akasema hayo tena ni maelewano, akaaga kwenda kuswali.

Sikukata tamaa, kwa sababu mimi sina nyumba lakini kiwanja ninacho. Kiko upande wa Pongwe, nilikinunua miaka tisa iliyopita kwa fedha za sare, na tayari kina msingi, au tuseme kilikuwa na msingi, maana sasa kina nyasi ndefu na mbuzi wa watu ambao wameshaonyesha kila dalili ya kuhamia. Nilikwama hapo kwa ajili ya saruji. Kiwanda cha saruji kiko hukohuko Pongwe, vumbi lake nalipata bure, lakini mfuko wenyewe nauziwa kama umevuka bahari. Nikarudi benki na karatasi yangu ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wanne, mmoja kaweka dole gumba. Kijana akaisoma, akairudisha kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto mchanga, akasema benki inataka hati miliki.

Hati miliki inataka kiwanja kipimwe, na kupimwa kunataka fedha, na fedha ndizo zilizonipeleka benki. Nilimweleza kijana kwamba hapo naona duara. Akakubali kuwa ni duara.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakupaswa kuliuliza mbele ya mke wangu, ambaye safari hii nilikwenda naye ili kuonyesha kwamba mimi ni mtu mwenye familia. "Mzee, una wake wangapi?" Mke wangu akageuka kunitazama kwa hamu ya kulisikia jibu. Kijana akafafanua haraka kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi au wenzi wa ndoa wanaoishi humo, kwa hiyo lazima ajue saini ziwe ngapi. Nikasema mmoja. Mke wangu akamwomba kijana aandike hilo jibu kwenye karatasi, ampe nakala. Tulipotoka aliniambia kwamba kama ni saini yake inayotakiwa ili nyumba iweze kupigwa mnada, basi nimwandalie kwanza orodha ya watu watakaotupokea siku hiyo, na ndugu zangu wasiwemo.

Sasa katikati ya mahangaiko haya, shemeji yangu aliyeko Columbus, Ohio, naye yumo mbioni kununua nyumba, na kila usiku hututumia sauti kwa WhatsApp kutueleza ya huko. Anasema Marekani kuna chombo cha Serikali kinachoitwa FHA, kilichoanzishwa mwaka 1934 wakati uchumi wao ulipoanguka na watu wakipoteza nyumba. Chombo hicho hakimkopeshi mtu hata senti; kazi yake ni kuikatia benki bima, ili mkopaji akishindwa benki isipate hasara. Nikauliza bima hiyo inalipwa na nani. Inalipwa na mkopaji: asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, na ada nyingine kila mwaka. Moyo wangu ulitulia kidogo kusikia kwamba hata huko maskini hununua mwavuli wa kumfunika tajiri.

Lakini yaliyobaki yalinikosesha usingizi. Huko kila mtu ana alama za ulipaji wa madeni, kama matokeo ya darasa la saba. Mwenye alama 580 na kuendelea hutoa kianzio cha asilimia 3.5 tu, na mwenye kati ya 500 na 579 hutoa asilimia 10. Alama zangu mimi zimo kwa Mpemba, na sina haja ya kuziona. Tena mtathmini huenda kuikagua nyumba kabla ya mkopo, na nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 ikionekana rangi inabanduka, hutakiwa irekebishwe kwanza kwa kuhofia sumu ya madini ya risasi iliyomo kwenye rangi. Nilinyanyua macho nikatazama ukuta wetu, ambao rangi yake ya mwisho ilipakwa na mpangaji aliyekwisha kupata wajukuu, nikaona kwamba mtathmini huyo hapa asingefika hata ukumbini.

Nyumba ya shemeji ni dola 180,000, hivyo kianzio chake ni dola 6,300. Hapo ndipo mke wangu alipoanza kunipikia bada na samaki wa kukaanga siku mbili mfululizo, bila sababu, nami katika ndoa hii nimejifunza kuhesabu.

Kumbe FHA inaruhusu kianzio kitoke kwa ndugu kama zawadi, mradi mtoaji aandike barua yenye jina lake, uhusiano wake na mnunuzi, kiasi anachotoa, na kauli kwamba hatarajii kurejeshewa. Ndugu wote wa upande wao walikuwa wamechanga. Sisi tulikuwa tumebaki, na upatu wa mke wangu ulikuwa umetoka wiki ileile, shilingi milioni moja, ambazo mimi kichwani nilikwisha kuzipeleka kwa mpima ardhi.

Nilibisha kidogo kwa ajili ya heshima yangu. Kisha nikaketi kwenye cherehani, nikaisoma barua ile taratibu, na nilipofika kwenye maneno ya kutotarajia kurejeshewa nilimfikiria yule kijana wa benki na suruali yake. Nikaandika majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Palipoulizwa uhusiano nikaandika shemeji. Palipoulizwa makazi yangu nikaandika chumba cha pili kushoto, Barabara ya 14, Ngamiani, Tanga, na nikiwa bado napuliza wino ukauke, nikasikia kengele ya baiskeli uani na sauti ya mwenye nyumba ikipiga hodi.