Kipimo kimoja, intaneti ya wachache

Tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ifanywe kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto wa Kenya hapimwi tena kwa mtihani mmoja wa mwisho. Mwanafunzi wa gredi ya 9 anapangiwa sekondari ya juu kwa alama za kuchanganya: asilimia 60 ni mtihani wa kitaifa wa KJSEA, 20 ni tathmini ya gredi ya 6, na 20 zilizobaki ni tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8. Viwango ni vilevile kutoka Mandera hadi Kwale.

Wanaotetea kiwango kimoja wana hoja nzito, nami naiunga mkono. Bila kipimo cha pamoja, cheti cha Tana River na cha Nairobi vingekuwa na thamani mbili, na mwajiri angevitenganisha kwa kutazama jina la kaunti. Kipimo hicho pia huibana serikali: shule ikianguka hisabati mwaka hadi mwaka, mzazi ana cha kumwekea mbunge wake mezani. Ukimshushia mtoto wa kaskazini kiwango kwa kumhurumia, unaficha kwamba hakuletewa mwalimu.

Tatizo linaanzia kwenye zile 20 za mwisho. Saa moja jioni ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: mradi wa kilimo unahitaji picha na maelezo ya njia za kuhifadhi maji. Nyumba yenye faiba, intaneti ya waya, inamaliza kabla ya chakula. Mama wa mtaa wa pili anakimbilia saiba, duka la intaneti na uchapishaji, kabla haijafungwa, analipia kila ukurasa, na wa rangi ni ghali zaidi. Au ananunua bando la saa moja linaloisha video ikiwa katikati. Asubuhi kazi zote mbili zinasahihishwa kwa mwongozo mmoja. Hata mwalimu hajasalimika. KNEC, baraza la mitihani la taifa, huweka kazi za tathmini kwenye tovuti yake, shule izipakue na baadaye ipakie alama, kwa hiyo pasipo na intaneti mwalimu naye hupanga foleni saiba.

Kwa nini faiba haifiki kila nyumba? Nyaya za chini ya bahari zimefika Mombasa tangu 2009, kwa hiyo kikwazo kikubwa kimebaki ile hatua ya mwisho hadi mlangoni. Ghorofa la nyumba 40 linahitaji waya mmoja kutoka kwenye nguzo na kisanduku cha kugawia pale kwenye ngazi. Boma tatu zilizotawanyika kijijini Kitui hazirudishi hata gharama ya nguzo. Anayeweza kulipia kifurushi cha mwezi hutumia anavyotaka, huku wa bando la shilingi 20 akilipa ghali zaidi kwa kila giga.

Wapo wanaosema faiba inatiwa chumvi. Shule za bweni zinazotamba kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huwanyima wanafunzi simu, na watoto wanafaulu kwa vitabu na walimu. Ni kweli, na waifai ya nyumba nyingi huishia kwenye katuni. Ila shule hizo zina maktaba, maabara na saa za kujisomea usiku chini ya taa. Shule ya kutwa isiyo na maabara humtuma mtoto akatafute nyumbani kile ambacho yenyewe haina.

Serikali ya sasa iliahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma. Mimi nasema pesa za umma zitangulie shuleni. Waya uingie, darasa moja liachwe wazi hadi saa mbili usiku, na mtoto yeyote wa jirani aingie. Nyumba zenye uwezo kampuni zitazifikia zenyewe.

Mtoto anayetembea saa nzima kurudi kwao hawezi kubaki hadi usiku, na hapo pendekezo langu linapwaya. Kwa ajili yake, kila kazi yenye alama za kitaifa ifanywe ndani ya saa za masomo, kwa vifaa vya shule. Walimu watalalamika kwamba kipindi cha dakika 40 hakitoshi mradi, na wana haki. Basi mradi ufupishwe. KNEC inaweza kuliandika hilo kwenye mwongozo wa mwaka ujao bila kusubiri waya hata mmoja.