Msiiruke Pumwani

Nimefurahi kusoma kuhusu waongozaji wanaompangia kila mgeni ziara yake ya historia ya Nairobi. Ila nawasihi, msiishie Makumbusho ya Reli na jumba la mikutano la KICC. Simamisheni watu karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, mueleze Machi 1922: umati ulikuja kudai Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyekamatwa na wakoloni, aachiliwe, mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru akawakabili wanaume waliotaka kurudi nyumbani, kisha risasi zikamuua. Mimi nilipita hapo miaka mingi bila kujua! Hata watoto wetu hawajui. Baadaye mshuke Pumwani, mtaa wa Waafrika tangu miaka ya 1920, na mwongozaji awe mzaliwa wa huko. Wazee bado wapo, waulizeni mapema.